Kapadokia: Ratiba Hupangwa na Jiwe na Upepo

Anayefunga safari ya Kapadokia kwa mara ya kwanza huwa na picha moja kichwani: maputo yametanda angani alfajiri, na chini yake nguzo za mawe zenye kofia. Picha hiyo ni ya kweli. Tatizo ni kwamba watu hupanga safari nzima kwa ajili yake: usiku mmoja katika mji mdogo wa Göreme, puto asubuhi, basi jioni. Asubuhi upepo unavuma, marubani wanazuiwa kuruka, na mtu anaondoka hajapanda puto, hajashuka mji wa chini ya ardhi wa Derinkuyu, hajaingia hata kanisa moja la pangoni. Pesa imekwenda na moyo unamuuma njia nzima. Makosa ninayoyataja hapa nimeyafanya au nimeyaona yakifanywa, na karibu yote yana chanzo kimoja: mgeni hajui kwamba kule ratiba hupangwa na jiwe na upepo.

Tuanze na jiwe, maana ukilielewa mengine yote yanaeleweka. Kapadokia iko katikati ya Uturuki, kwenye uwanda wa juu wenye kimo cha mita elfu moja na zaidi, hasa mkoa wa Nevşehir. Mamilioni ya miaka iliyopita volkano za huko, ukiwemo mlima Erciyes wenye mita 3,917, zilimwaga majivu yakafunika nchi nzima. Majivu yale yakashindiliana yakawa mwamba laini, na juu yake likakaa tabaka gumu zaidi. Mvua, theluji na upepo vikala sehemu laini. Pale kipande kigumu kiliposalia juu kama kofia, nguzo iliyo chini yake ikanusurika. Waturuki huziita nguzo hizo peribacası, yaani dohani za majini. Aliyewahi kusimama kwenye korongo la Isimila nje ya Iringa atazikumbuka nguzo za pale, ingawa zile zimechongeka kutoka kwenye mashapo ya ziwa la kale. Na kama unataka jamaa wa karibu wa jiwe la Kapadokia, mwangalie Laetoli: majivu ya volkano yaliyogeuka jiwe ndiyo yaliyotunza zile nyayo za watu wa kale.

Jiwe hili hukatika kwa sururu na patasi, kisha uso wake ukishapigwa na hewa hukakamaa. Ndiyo maana watu wa huko, badala ya kubeba mawe na kujenga, walichimba: nyumba, mazizi, makanisa, vyumba vya kukamulia zabibu, miji mizima chini ya ardhi. Lakini sifa hizo hizo ndizo zinazomsumbua mgeni. Likilowa linateleza. Ukingoni linamomonyoka bila kutoa ishara. Linafyonza maji, na ndani yake kuna ubaridi mwaka mzima. Viweke akilini vitu hivyo vinne.

Safari yenyewe huanzia kwenye viza. Masharti hutofautiana kwa uraia, hata kati ya majirani wa Afrika Mashariki, na hubadilika mara kwa mara. Usitegemee maneno ya rafiki aliyekwenda miaka mitatu iliyopita. Viza ya mtandaoni hutolewa kwenye tovuti ya serikali ya Uturuki, evisa.gov.tr. Ukitafuta kwa haraka utakutana na tovuti nyingine zinazofanana nayo, zinazojaza fomu ile ile kwa niaba yako na kukutoza mara mbili au zaidi. Soma anwani herufi kwa herufi kabla ya kuandika namba ya kadi. Angalia pia pasipoti: Uturuki hutaka iwe na angalau siku 60 zaidi baada ya viza kwisha, lakini ikiwa na miezi sita mbele hutahojiwa popote njiani.

Jambo moja la kufurahisha: hutagusa saa yako. Tangu 2016 Uturuki haibadilishi saa kwa majira, na saa yao ni ile ile ya Dar es Salaam na Nairobi. Kinachobadilika ni jua. Mwezi wa Juni huko huchomoza kama saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri. Mwezi wa Desemba huchelewa mpaka saa mbili kasoro asubuhi. Sisi tuliozoea jua la saa kumi na mbili mwaka mzima husahau hili, na linagusa moja kwa moja saa ya kuamshwa kwa ajili ya puto.

Ndege nyingi kutoka kwetu hutua Istanbul, na Istanbul ina viwanja viwili vikubwa. Ule mpya, wenye herufi IST, uko upande wa Ulaya. Sabiha Gökçen, wenye herufi SAW, uko upande wa Asia. Kati yao ni takriban kilomita 80 na msongamano wa jiji zima. Kosa linalokula watu pesa ni kununua tiketi ya ndani ya bei nafuu inayoondokea SAW wakati wewe unatua IST, kwa pengo la saa tatu. Ukishapita uhamiaji, ukangoja begi, ukatafuta basi, ndege imeondoka. Ama ununue safari nzima kwa tiketi moja, ama uache pengo la saa saba.

Kutoka Istanbul unaweza kuruka hadi Nevşehir, uwanja ulio karibu zaidi, au hadi Kayseri, ambako ndege ni nyingi na mara nyingi bei ni ndogo. Kayseri hadi Göreme ni kama kilomita 75, mwendo wa saa moja na kitu. Magari ya kuchangia huwapokea abiria uwanjani, ila ni lazima uweke nafasi siku moja kabla kupitia hoteli yako. Ukitoka nje bila nafasi utabaki na teksi, na bei ya teksi kwa umbali huo itakuuma. Kayseri hiyo, kwa wasomaji wa historia ya kanisa, ndiyo Kaisaria ya kale, mji wa Basili aliyekuwa askofu hapo katika karne ya 4. Na jina la Kapadokia lenyewe limo katika Matendo ya Mitume sura ya 2, kwenye orodha ya watu waliosikia lugha zao siku ya Pentekoste.

Basi la usiku kutoka Istanbul ni la bei nafuu na lina starehe, lakini ni saa kumi hadi kumi na mbili. Hapa pana mtego. Tiketi inaweza kuandikwa Göreme, kumbe basi kubwa linaishia kituo cha Nevşehir, na kutoka hapo unahamishiwa basi dogo la kampuni ile ile bila malipo. Huko huliita servis. Abiria aliyelala anashtuliwa, anashuka amechanganyikiwa, na anakuja mtu mwenye lugha tamu anamwambia hakuna basi tena, apande gari lake au anunue ziara kwake. Usimfuate. Shika tiketi mkononi, nenda kwenye dirisha la kampuni uliyosafiri nayo, useme neno moja: servis.

Kuhusu pesa: shilingi zetu hazibadilishiki huko, kwa hiyo beba dola au yuro. Ukitoa lira kwenye mashine au ukilipa kwa kadi, kioo kitakuuliza kama ukatwe kwa lira au kwa sarafu ya nyumbani. Chagua lira kila mara. Ukichagua sarafu ya nyumbani, mashine inakubadilishia kwa kiwango chake, na hasara ni yako.

Sasa malazi. Kila mtu anataka kulala pangoni, na ni haki yake. Lakini neno pango kwenye tangazo lina maana zaidi ya moja. Kipo chumba kilichochongwa kweli ndani ya mwamba, na kipo chumba cha tao kilichojengwa kwa matofali ya jiwe hilo hilo, kizuri, kikavu, chenye dirisha, ambacho si pango. Cha kwanza kinaweza kukosa dirisha kabisa. Kwa kuwa jiwe linafyonza maji, chumba cha chini kabisa kisicho na hewa hunuka ukungu, na mwenye pumu hatalala. Asubuhi utakuta punje za mchanga juu ya shuka, zimedondoka kutoka darini; hilo ni la kawaida, si uchafu wa hoteli. Simu haishiki mtandao nyuma ya mita mbili za mwamba. Kabla ya kulipa, andika uulize: chumba kimechongwa au kimejengwa, kina dirisha linalofunguka, kiko ghorofa ya ngapi, na ngazi ni ngapi kutoka barabarani. Ushauri wangu ni usiku mmoja pangoni ili ujue, na usiku mwingine kwenye chumba cha tao ili upumzike.

Hapa niseme kitu ambacho wauza safari hawakisemi. Si kila jiwe la eneo hili liko sawa. Katika vijiji vya Karain, Tuzköy na Sarıhıdır ya zamani, mwamba una madini ya nyuzinyuzi yanayoitwa erioniti. Wakazi walioishi humo tangu utotoni, wakivuta vumbi lake, waliugua kwa wingi saratani ya utando wa mapafu, kiasi kwamba watu walihamishwa na kujengewa kwingine. Mgeni wa siku tatu Göreme hana sababu ya kuogopa. Lakini ni vizuri kujua kwamba kuishi ndani ya jiwe hakukuwa hadithi nzuri tu.

Puto. Weka nafasi mapema, kabla hata ya kulipia hoteli kama unakwenda Aprili hadi Juni au Septemba na Oktoba, na uliweke kwenye asubuhi ya kwanza kabisa ya ratiba yako. Sababu ni hii: maputo huruka alfajiri kwa kuwa hewa baridi imelala bondeni na imetulia, jua likishapasha ardhi, hewa huanza kupanda na kuyumba. Kila asubuhi mamlaka ya usafiri wa anga huangalia upepo na kuruhusu au kuzuia, na katazo likitoka hakuna kampuni inayoruka. Ukizuiwa asubuhi ya kwanza unasogezwa ya pili, kisha ya tatu. Ukiweka puto asubuhi ya mwisho, huna pa kusogezwa. Usiku tatu ndio uchache wa kukubalika. Wakati wa baridi, ambapo siku za kuzuiwa ni nyingi, weka nne.

Bei ya puto hupanda na kushuka kama bei ya samaki sokoni: kuna siku za chini ya yuro 100 na siku za zaidi ya yuro 250 kwa mtu mmoja, kwa safari ile ile ya kama saa moja. Mahitaji ndiyo yanayoamua. Zikizuiwa siku mbili mfululizo, ya tatu bei inaruka, kwa sababu walioachwa wote wanataka kupanda. Kabla ya kulipa pata kwa maandishi mambo mawili: idadi ya abiria kwenye kikapu, maana kipo cha watu 16 na kipo cha 28, na kwamba puto likizuiwa pesa inarudi yote. Ahadi ya mdomo haina nguvu. Wajawazito hawapandishwi, na watoto wadogo, kwa kawaida chini ya miaka sita, pia hapana. Familia nyingi hugundua hili saa kumi alfajiri mbele ya gari.

Vaa nguo nzito. Hata Juni alfajiri ya huko ni baridi kwa mtu wa pwani, na utasimama uwanjani nusu saa ukingoja puto lijazwe. Kofia ni muhimu kuliko glovu, kwa sababu moto wa rubani uko juu ya kichwa na joto lake ni kali. Wakati wa kutua rubani atasema mkae mkao wa kutua: kunja magoti kidogo, mgongo kwenye ukuta wa kikapu, shika kamba za ndani kwa mikono miwili, simu mfukoni. Wanaoumia ni wale wanaosimama wapige picha ya mwisho.

Na kama pesa haitoshi, usijione umekosa Kapadokia. Panda kilima kilicho juu ya mji wa Göreme dakika arobaini kabla ya jua. Maputo yatapita usawa wa macho yako, utasikia moto ukivuma na watu wakiongea ndani ya kikapu. Binafsi naona mandhari ya kutoka kilimani ni kamili zaidi, kwa sababu aliye ndani ya puto huliona bonde lakini halioni puto lake likiwa ndani ya bonde.

Ukishatua, usirudi kulala. Nenda moja kwa moja kwenye Jumba la Makumbusho la Wazi la Göreme, kilomita moja na nusu kutoka mjini kwa mwinuko, linapofunguliwa. Kuanzia saa nne mabasi ya watalii huteremka kwa pamoja na kila kanisa linakuwa na foleni. Makanisa haya, mengi ya karne ya 10 hadi ya 12, ni vyumba vidogo: watu ishirini wakiingia, huoni kitu ila migongo.

Kanisa la kuanza nalo ni Karanlık Kilise, Kanisa la Giza, lenye kiingilio chake cha ziada. Wengi hulipita ili kuokoa hizo yuro chache, na hilo ni kosa kubwa kuliko yote ya siku hiyo. Jina lake linatokana na kidirisha kimoja tu kinachoingiza mwanga, na upungufu huo wa mwanga ndio uliookoa rangi. Simama katikati, uyaache macho yazoee kwa dakika moja. Buluu inajitokeza kwanza, halafu dhahabu ya miduara nyuma ya vichwa, kisha nyuso. Kupiga picha makanisani hairuhusiwi, na wasimamizi wako makini. Ukitoka hapo, linganisha na kanisa la Barbara: humo kuna alama za rangi nyekundu ya udongo zilizochorwa moja kwa moja juu ya mwamba bila lipu, misalaba na maumbo kama ya mchezo wa mtoto. Sehemu nyingi utaona macho ya watakatifu yamekwanguliwa, hasa pale mkono wa mtu unapofika; juu zaidi nyuso ni nzima. Chungulia pia chumba cha kulia cha watawa: meza ndefu na benchi zake zimechongwa kutoka mwamba mmoja na sakafu, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuvuta kiti pale.

Usitupe tiketi ukitoka. Kanisa kubwa na bora la eneo zima, Tokalı, liko nje ya geti, ng'ambo ya barabara kama unarudi mjini, na linaingiwa kwa tiketi hiyo hiyo. Watu hutoka wamechoka wakalipita wakidhani ni pango tupu. Ndani yake kuna buluu iliyotengenezwa kwa jiwe la lapis lazuli, na ukubwa ambao huutarajii baada ya vyumba vile vidogo.

Kuhusu viingilio, piga hesabu kabla. Mwaka 2024 Göreme ilikuwa yuro 20 na Derinkuyu 13, na pasi ya makumbusho ya Kapadokia, inayofanya kazi siku tatu tangu uitumie mara ya kwanza, kama yuro 65. Ukienda Göreme, Karanlık, mji mmoja wa chini ya ardhi, korongo la Ihlara na kijiji cha Zelve, pasi inajilipa na inakuondolea foleni. Ukienda sehemu mbili tu, usiinunue. Siku zinaanza kuhesabiwa unapoingia geti la kwanza, kwa hiyo usiifungue jioni.

Miji ya chini ya ardhi inahitaji asubuhi ya peke yake. Iko mingi, miwili mikubwa ni Kaymaklı, kama kilomita 20 kusini ya Nevşehir, na Derinkuyu, kilomita 10 mbele yake. Huna haja ya ziara. Kutoka Nevşehir panda dolmuş, ambayo ni daladala kwa kila hali: inajaza, inasimama unapotaka, nauli inapitishwa mkono kwa mkono hadi kwa dereva. Fika geti linapofunguliwa saa mbili. Derinkuyu inashuka takriban mita 85, na ngazi ya kuelekea chini ni ya mtu mmoja mmoja, umeinama. Makundi mawili yakikutana katikati, moja linashuka na jingine linapanda, mnasimama mmekunja migongo gizani, na hapo ndipo watu hupatwa na hofu. Si aibu, pumua polepole, gusa ukuta, ngoja wapite, kisha rudi chumba kipana kilicho nyuma yako. Mwenye maumivu ya goti, mgongo au moyo asishuke zaidi ya ghorofa ya pili. Anayeogopa sehemu finyu achague Kaymaklı, ambayo imetandaa zaidi kuliko kuzama, ingawa vijia vyake navyo vina dari ya chini. Beba sweta: nje kunaweza kuwa nyuzi 30, ndani ni 13 hadi 15.

Kilichonishika kule chini ni milango. Ni mawe ya duara kama jiwe la kusagia, kimo cha kifua au zaidi, yamesimamishwa kwenye chumba kidogo kando ya njia. Adui akija, watu wawili walilisukuma kutoka ndani likaziba njia; kwa nje hakuna pa kulishika. Katikati lina tundu la kuchungulia. Ukutani kuna vidaka vya taa, kama vidaka vya nyumba za mawe za Lamu ila hivi vimejaa masizi, na alama za patasi zinakwenda upande mmoja, ukiweka vidole ndani yake unaona mchongaji alitumia mkono gani. Mazizi yako ghorofa ya juu, kwa sababu ng'ombe hashuki ngazi. Mashimo ya hewa yanapita ghorofa zote hadi kwenye maji. Derinkuyu maana yake ni kisima kirefu. Watu hawakuishi humu mwaka mzima. Walijificha, hasa wakati wa vita vya Wabizanti na Waarabu, kisha wakarudi juu mashambani. Wakristo wa Kigiriki wa eneo hili waliondoka 1923, Uturuki na Ugiriki zilipobadilishana watu, na njia za chini zikasahaulika hadi 1963 mwenyeji mmoja alipobomoa ukuta wa nyumba yake akakuta chumba kisichojulikana.

Kutoka Derinkuyu, mwenye gari anaweza kumalizia Ihlara, korongo lenye urefu wa kama kilomita 14 na mto chini yake. Ukikodi gari kumbuka Uturuki wanapita kulia, na mkono wetu wa Tanzania, Kenya na Uganda utataka kukurudisha kushoto hasa unapotoka kituo cha mafuta. Ihlara ina karibu ngazi 400 za kushuka, na kinachosahaulika ni kwamba ukirudi pale pale utazipanda. Tembea kilomita tatu na nusu hadi kijiji cha Belisırma, ule samaki kando ya mto, na gari likukute huko.

Mabonde ya karibu na Göreme, hasa Güllüdere na Kızılçukur, yanatembewa bure au kwa kiingilio kidogo, na jua la jioni huyageuza kutoka rangi ya waridi hadi nyekundu. Hapo ndipo tabia za jiwe zinapomkuta mtu. Alama za njia ni chache na vijia vya wakulima vinakuchanganya. Pakua ramani ya kutumia bila mtandao. Beba lita moja na nusu ya maji kwa kila mtu. Mvua ikinyesha, ahirisha: vumbi lile jeupe hugeuka utelezi kama sabuni, na hakuna mti wa kushika. Usisimame ukingoni kupiga picha. Unaweza kuwa umesimama juu ya dari ya pango lenye unene wa kiganja. Kijiji cha Zelve, ambacho sasa ni makumbusho, kilihamwa 1952 kwa sababu hiyo hiyo, mwamba ulikuwa ukiwaangukia watu majumbani mwao. Na taa: jua likizama bondeni giza huingia ghafla, na njia uliyoshukia kwa urahisi huioni tena.

Siku ya mwisho iache wazi, puto likihitaji kusogezwa. Kama halikuhitaji, nenda Avanos uone wafinyanzi wakizungusha gurudumu kwa mguu kwa udongo mwekundu wa mto Kızılırmak, halafu upite Ortahisar. Ziara nyingi hazisimami Ortahisar zaidi ya picha moja ya ngome yake. Shuka pembezoni mwa mji, kwenye barabara ya malori. Utaona milango ya chuma iliyopachikwa kwenye mwamba, mipana kiasi cha gari kuingia. Mlango ukiwa wazi, salimia na uombe kuchungulia. Mara nyingi watakukubalia. Ndani, kreti za mbao zimepangwa hadi darini, zimejaa malimau kutoka pwani ya Mediterania, yamekuja kulala miezi kadhaa ndani ya jiwe lile lile bila mashine ya baridi. Mwenye ghala atakupa moja bila kuomba. Ni zito, la baridi, na harufu yake itabaki kwenye begi lako mpaka Istanbul.